Kazi niliyoimudu kwa wiki tatu

Nikiwa na miaka 24 niliitwa kazi sehemu mbili kwa mpigo. Ya kwanza ililipa karibu theluthi moja zaidi: kuingiza ankara kwenye kompyuta, asubuhi hadi jioni. Ya pili nilitakiwa kumsaidia mhasibu mkuu, mama mmoja mkali ambaye kwenye usaili hakucheka hata mara moja. Unajua nilikokwenda.

Kazi ile niliimudu ndani ya wiki tatu. Nikaifanya miaka mitatu.

Mshahara mkubwa wenyewe niliula wote. Nilipanga nyumba yenye chumba nisichokitumia, nikawa nabadilisha simu kila mwaka. Siku moja nikatakiwa kumwelekeza mfanyakazi mpya, akaielewa kazi kabla ya mchana. Nikabaki nimeduwaa: mimi namzidi nini huyu? Na yeye ni nafuu!

Nikarudi kwa yule mama. Kwa bahati nafasi ilikuwepo, ila mshahara ulikuwa chini ya niliokuwa nao. Sikuwa na mtoto wala mzazi wa kumtunza, ndiyo maana niliweza. Asiyekuwa na nafasi hiyo simlaumu.

Wiki ya kwanza nililinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, ikabaki tofauti ya 54. Nikaona ni kitu kidogo. Akairudisha karatasi na duara jekundu. "Tofauti ndogo inaweza kuficha makosa mawili makubwa yanayokaribia kufutana," akasema. "Hii inagawanyika kwa 9. Ndivyo huwa tarakimu mbili zikipishana nafasi; zitafute." Nikatafuta hadi jioni. Ilikuwa 82 iliyoandikwa 28. Sijasahau hadi leo, na nilipopanda cheo miaka minne baadaye, ni kwa sababu ya macho yale aliyonipa.

Ni yeye pia aliyenifundisha kugawa 72 kwa kiwango cha faida ya mwaka ili kukadiria fedha itachukua miaka mingapi kuwa maradufu. Kwa asilimia 8, miaka 9. Maana yake akiba ya umri wa miaka 24, ikipata hiyo 8 bila kuguswa, ukifika 60 imejirudufu mara nne: mara 16 ya ulichoweka. Akiba ya miaka 33 ni mara 8 tu. (Hakuna anayekuhakikishia hiyo 8, na mfumuko wa bei nao unakula kimyakimya.) Nilipiga hesabu ya ile miaka yangu mitatu nikalifunga daftari haraka.

Tangu hapo sehemu ya kumi inakatwa kwenda akiba siku ileile mshahara unapoingia, kabla sijauona.

Juzi kijana wa ofisini kwetu aliniletea barua zake mbili za kazi. Alikuwa amezipigia mstari chini ya mishahara. Nikamuuliza kwenye ile ya mshahara mdogo atafanya kazi chini ya nani, nani atakayezisoma kazi zake. Akazigeuza karatasi, akaangalia na nyuma.

"Sikuuliza," akasema.