Ulimi uliokuwa unacheza kwenye fremu ya kioo

Fremu ya kioo ya mteja wa Majengo, hapa Moshi, ilinitoa jasho. Mbao ya mgrivea, unene milimita 24. Ulimi, yaani ncha ya mbao inayoingia kwenye tundu la mbao nyingine, nikaupa milimita 8, theluthi ya unene. Nikaukata kwanza, tundu baadaye. Hapo ndipo nilipokosea: patasi ilikula pembeni mwa tundu likapanuka, ulimi ukacheza kama jino la mtoto. Gundi peke yake haishiki pengo la namna hiyo, wakuambie wasikuambie.

Nikabandika kipande chembamba cha mbao ileile kila upande wa ulimi, nyuzi zikifuata urefu wake. Kesho yake nikapunguza kwa patasi, kidogo kidogo, nikijaribisha, mpaka ukaingia kwa kusukuma na kiganja tu. Kupima fremu kona kwa kona: sawasawa.

Siku hizi natoboa tundu kwanza.