Nilivyopima shinikizo la koromeo kwa maji, maziwa lala na uji

Katika utafiti wangu wa uzamili hapa Nairobi nilitaka kujua jinsi shinikizo la koromeo linavyobadilika mtu anapomeza maji, maziwa lala na uji wa wimbi, kwa sababu mara nyingi mgonjwa wa kiharusi anayepaliwa huambiwa tu anywe "kitu kizito", asielezwe kizito kiasi gani.

Nilianza na vinywaji kabla ya kugusa kifaa cha kupimia shinikizo. Uji huzidi kuwa mzito kadiri unavyopoa, na wapishi wawili wakitumia unga wa mfuko mmoja bado watapata uji tofauti, kwa hiyo nilitegemea kipimo cha IDDSI, mfumo wa kimataifa wa kupanga uzito wa vinywaji kwa wenye shida ya kumeza, ambacho hakihitaji zaidi ya sirinji ya mililita 10 na saa. Unaziba mdomo wa sirinji kwa kidole, unaijaza hadi alama ya 10, unaachia kinywaji kitiririke kwa sekunde 10, kisha unasoma kilichobaki: chini ya mililita 1 ni daraja la 0, kati ya 1 na 4 ni la 1, kati ya 4 na 8 ni la 2, na zaidi ya 8, ikiwa bado kinatiririka, ni la 3. Si kila sirinji inafaa, kwani urefu kutoka alama ya 0 hadi ya 10 unapaswa kuwa milimita 61.5, kwa hiyo nilizipima kwa rula dukani kabla ya kulipa, muuzaji akinitazama kwa mashaka. Uji niliuchuja, kisha nikaupima ukiwa na joto lile lile ambalo mtu angeunywa nalo.

Katheta niliyotumia, yaani mrija mwembamba, ilikuwa na vihisio 36 vya shinikizo, kimoja kila sentimita 1, nayo hupitishwa puani, ikapita koromeo na kuingia katika umio, njia ya chakula kwenda tumboni. Jeli ya ganzi niliipaka puani peke yake, maana koromeo likifa ganzi, umezaji wenyewe ninaotaka kuupima unaweza kubadilika. Baada ya hapo nilimwacha mtu atulie hadi hamu ya kutapika ipungue. Kila kinywaji nilikitia mdomoni kwa sirinji, mililita 5 kisha 10, huku nikirudia, "Mama, kishikilie mdomoni, umeze mara moja tu nikikuambia," kwa kuwa tone moja likimezwa mapema huivuruga rekodi nzima. Mpangilio wa vinywaji niliuamua kwa kura, ili uchovu usiegemee upande wa uji.

Kilele cha shinikizo penye shina la ulimi, kinachosomwa kwa milimita za zebaki, hakikutofautiana sana kati ya maji na uji kwa watu wenye afya. Tofauti ilionekana ndani ya tonge lenyewe, yaani kinywaji kilichomezwa kwa mara moja, lilipokuwa likipita: uji ulisukumwa kwa shinikizo kubwa zaidi kuliko maji. Ujazo nao ulikuwa na athari yake, kwani kwa mililita 10 msuli unaofunga mlango wa umio ulibaki umelegea kwa muda mrefu kuliko kwa mililita 5, na shinikizo lake mara nyingine lilishuka chini ya sifuri kwa kitambo kifupi. Kwa hiyo jedwali langu halikuishia kwenye kilele, bali kila kumeza kuliandikiwa pia shinikizo la tonge, muda wa msuli kulegea, ujazo na daraja la kinywaji.