Zamu ya visu

South Hadley, Massachusetts. Novemba, Jumapili usiku.

Nimetoka zamu saa mbili kamili, mikono bado inanuka sabuni, nikampigia mama. Huku ikiwa saa mbili usiku, Lushoto ni saa kumi alfajiri, na saa hiyo mama yangu ameshaamka anafunga kabichi na karoti kabla gari la kwenda Tanga halijapita. Tangu saa za huku zirudishwe nyuma mwanzoni mwa mwezi, tumeachana saa nane. Naipenda tofauti hiyo. Mimi namaliza kazi, yeye anaanza, tunakutana hapo katikati.

Kazi yangu ni kuosha vyombo kwenye ukumbi wa chakula. Naandika wazi leo kwa sababu karibu mwaka mzima wa kwanza sikumwambia mtu nyumbani. Nilikuwa nasema "nina kakazi kadogo chuoni", nikawaacha wafikirie maktaba au ofisi. Sheria ya viza ya mwanafunzi inaturuhusu saa 20 kwa wiki tukifanya kazi ndani ya chuo wakati wa masomo. Mimi nafanya 12, zote jikoni: mkanda unaleta sahani, unamwaga mabaki, unapanga kwenye trei za mashine, unatenga vijiko na uma na visu. Visu ndivyo vyangu. Nilipewa wiki ya kwanza na sijawahi kuomba kubadilishiwa.

Mount Holyoke ni chuo kidogo cha wanawake, wanafunzi kama 2,200. Kuna maziwa mawili madogo, na ukikaa miaka miwili unajua sura ya karibu kila mtu. Nilipopata nafasi, watu wa kwetu waliuliza kama ninakwenda kusomea utawa. Hilo halikunisumbua. Nilitoka sekondari ya bweni ya wasichana, kwa hiyo kuishi na wanawake watupu, kugombania bafu asubuhi na kusukana nywele Jumamosi vilikuwa vitu ninavyovijua. Kilichonishinda kilikuwa salamu. Mama anayetusimamia jikoni ni mtu mzima, rika la bibi yangu mdogo, na kila mtu anamwita kwa jina lake la kwanza. Ulimi wangu ulikataa kabisa. Wiki mbili nilikuwa namsogelea mpaka anione mwenyewe ndipo niseme shida yangu, ili nisilazimike kumwita. Mwishowe nikamweleza. Akaniuliza, kwenu ungesemaje? Nikamfundisha shikamoo, nikamfundisha na jibu lake. Sasa nikiingia tu mlangoni anaitika "marahaba" kabla sijafungua mdomo, na jiko zima linageuka.

Aibu ya vyombo niliibeba kutoka sekondari. Kudeki bweni ilikuwa zamu ya wote, lakini masufuria ya jikoni yalikuwa ya wakosaji. Ukichelewa prepo, ukikutwa umeongea Kiswahili nje ya saa zake, unapelekwa kusugua sufuria la maharage kwa mchanga na majivu, wenzako wakipita na vitabu wanakuangalia. Miaka minne nilifundishwa kwamba anayeshika sufuria ana kosa. Hakuna mwalimu aliyesema maneno hayo, lakini mwili ulielewa. Nilipofika hapa nikavaa aproni, nilijisikia kama niliyeadhibiwa, na sikujua kosa langu ni lipi.

Aliyenitoa huko ni marehemu aliyezikwa hapahapa chuoni.

Mary Lyon alikuwa binti wa mkulima, baba yake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo. Alikuwa mwalimu. Akaona wasichana wa nyumba kama yake hawawezi kusoma elimu ya juu kwa sababu shule nzuri ni za wenye fedha. Akazunguka vijijini na mjini na mfuko wa kijani wa mahameli akiomba michango, na wengi waliotia mkono mfukoni mle walikuwa wanawake wa kawaida wenye senti zao. Tarehe 8 Novemba 1837 akafungua shule, wanafunzi 80, ada ya kusoma na kulala dola 60 kwa mwaka. Ada iliwezekana kuwa ndogo hivyo kwa sababu hakuajiri watumishi wa nyumba. Wanafunzi wenyewe walipika, walioka mikate, walifagia, waliosha. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake ya kazi kila siku, na mwenye baba tajiri hakuachwa akae.

Habari hizi nilisimuliwa zamuni na dada mmoja wa mwaka wa nne, tumesimama kwenye mvuke, sote tumelowa. Ndipo akanionyesha nilichoshika. Akasema mwaka 1847 alikuja hapa msichana wa miaka 16 kutoka Amherst, mji wa jirani, jina lake Emily Dickinson, yule ambaye sasa dunia nzima inamsoma kwa mashairi. Akapangiwa kazi yake. Asubuhi na mchana aondoe visu kwenye safu ya kwanza ya meza, usiku avioshe na kuvifuta.

Visu.

Sikusema kitu. Niliendelea kuvitenga, ila nilivitenga polepole. Yule binti hakuwa amechelewa prepo. Hakuwa na kosa. Aliosha visu kwa sababu ilikuwa zamu yake, akamaliza, akapanda juu kusoma. Wiki ile ile nilimpigia mama nikamwambia kazi yangu kwa jina lake. Alikaa kimya, nikasikia jogoo nyuma yake. Kisha akasema, "Yaani mwanangu, unaosha vyombo vya watu?" Nikamjibu, "Vyetu, mama. Na mimi nakula humo humo."

Leo si kila mwanafunzi anaosha. Tunaofanya kazi ni tunaohitaji fedha, na wengine wanaacha sahani kwenye mkanda wanaondoka bila kujua ni nani aliye upande wa pili wa ukuta. Nikiulizwa maoni yangu, zamu ingerudi kwa wote, hata saa moja tu kwa wiki. Rafiki yangu wa Kisumu, anayelala chumba cha pili, hakubaliani nami. Anasema mtu aliyelipa ada kamili amelipia na kuoshewa sahani, na kwamba nimebeba mambo ya bweni mpaka ng'ambo. Tumebishana hili usiku mwingi, tukila biskuti na maziwa ambavyo ni desturi ya chuo kuvitoa mabwenini baada ya chakula cha jioni. Sijamshawishi. Naye hajanishawishi.

Wiki hii ilikuwa siku ya mwanzilishi. Saa moja asubuhi, baridi inakata masikio, wanafunzi wanatoka mabwenini na mablanketi mabegani kwenda kaburini kwa Mary Lyon kula aiskrimu. Rais wa chuo mwenyewe ameshika kijiko anagawa. Mwaka wa kwanza nilisimama mbali. Kwetu kaburini unakwenda na jembe la kupalilia, unazungumza chini chini, huendi na aiskrimu. Safari hii nilisogea mpaka kwenye uzio wa chuma, nikapokea kikombe changu, nikakila chote nikiwa nimesimama karibu naye. Nadhani mtu aliyejenga shule kwa michango angependa kuona watu wanakula bila kulipishwa.

Mwezi uliopita ilikuwa siku ya mlima. Hakuna anayejua tarehe mpaka kengele zilie asubuhi. Zikilia, hakuna vipindi, chuo kizima kinapanda Mlima Holyoke. Nimezaliwa Usambara, mlima ule kwangu ni kilima, lakini nilipofika juu nikauona mto Connecticut ukijipinda kule chini nilitamani mama aone.

Mama ana watu wake wa kuwasimulia. Yeye ni mweka hazina wa kikoba cha wanawake 22. Ufadhili wa chuo unalipa ada na chakula, lakini nauli ya ndege, viza na koti la baridi haukugusa. Kikoba kilikaa kikao kikanikopesha mimi, nisiye mwanachama, kwa dhamana ya mama. Daftari nililiona kabla sijaondoka: majina yao wote, hisa zao, na chini kabisa jina langu kwa mwandiko wa mama. Ndiyo maana habari ya mfuko wa kijani ilipofika kwao haikuhitaji kufafanuliwa. Wanamwita "yule mama wa mfuko". Wanamuuliza mama habari zake kama mtu wa mtaa wa pili.

Mmoja wao ni mkunga, miaka mingi yuko wodi ya wazazi. Mwezi uliopita nilimtumia ujumbe wa sauti. Nilimwambia zile alama anazompa mtoto akizaliwa, dakika ya kwanza na dakika ya tano, anazoziita Apgar, ni jina la mwanamke, daktari Virginia Apgar, na alimaliza hapa mwaka 1929. Akanijibu sauti inatetemeka. Kwenye chuo cha ukunga walifundishwa kila herufi na neno lake, mapigo ya moyo, pumzi, rangi ya ngozi, akadhani jina lenyewe limetokana na herufi tu. "Mwanangu, nimeliandika jina la mtu maisha yangu yote, sijui kama ni mtu." Alinitaka nimtafutie picha. Nimeitafuta, nimemtumia, ameibandika wodini.

Usiku huu mama alikuwa na swali, na nilijua limetoka kwenye kikao.

"Yule mama wa mfuko, hela za watu alirudisha?"

"Ule ulikuwa mchango, mama, si mkopo."

Akafikiri. Nikasikia kamba inakaza kwenye gunia.

"Haya. Wewe wako ni mkopo."

"Najua, mama. Ijumaa nikilipwa natuma."

"Yamebaki mangapi?"

"Marejesho mawili."

Gari likapiga honi kule barabarani, akakata simu.