Kikombe Kipo Mezani, Nami Nipo Mezani

Nilikwenda Uholanzi kumwona mdogo wangu aliyeolewa Utrecht, na siku ya tatu mama mkwe wake akatualika chakula. Mdogo wangu akaniuliza kwa simu niko wapi. Nikajibu kwa Kiholanzi, ili mwenyeji wangu asikie: "Ik zit op tafel."

Mama yule akanitazama, kisha akakitazama kiti changu.

"Dada," mdogo wangu akasema, "umesema umepanda juu ya meza ukakaa."

Kumbe kwetu "mezani" moja inatosha, kwao ni mbili. Mama akaweka kikombe: op tafel. Akavuta kiti, akakaa kando yangu: aan tafel. Akanyoosha kidole ukutani. Picha inaning'inia aan de muur, lakini nzi akitua ukutani hapohapo, yuko op de muur. Alinifundisha hadi supu ikapoa, wala hakukasirika hata kidogo. Nilimpenda sana.

Saa zao zilinitesa zaidi. Niliambiwa basi la matembezi linaondoka "tien voor half vier", yaani dakika kumi kabla ya half vier. Half vier nikaidhania saa nne u nusu yao, nikatoa dakika kumi, nikafika saa kumi na dakika ishirini. Basi lilikuwa limeondoka saa nzima iliyopita, kwa sababu half vier ni nusu ya kuiendea nne, yaani saa tisa u nusu yetu. Nikakaa kwenye baridi na kahawa ya yuro nne, pesa ambayo Tanga ningekula pilau nikashiba.

Msituni tulikwenda kesho yake. Ukisema "in het bos lopen", umo ndani tayari, unatembea. Ukisema "het bos in lopen", ndiyo kwanza unaingia. Kineno kilekile kimehamia nyuma ya msitu, na safari imebadilika!

Usiku sikulala, nikamkumbuka bibi. Yeye alisema "mezani pana kikombe", lakini mbao zilipoanza kutoa unga akasema "mezani mna mchwa". Nilikua nikiyasikia hayo kila siku, nisiyasikilize.

Asubuhi mama akanipigia simu kutoka nyumbani.

"Kadi yangu ya kliniki uliiweka wapi?"

"Ipo kabatini, mama."

"Ipo au imo?"

"Imo, mama. Droo ya chini."