Tangi la hewa, jaribio la 7: barafu imekubali, hesabu imegoma

Lengo ni kuhifadhi umeme kwa kubana hewa kwenye tangi, kisha hewa hiyo izungushe mota na kurudisha umeme. Barafu iliyokuwa ikiziba mota imekwisha. Mota ya hewa imezunguka dakika 7 bila tundu la kutolea hewa kuziba. Majaribio yote ya nyuma hayakuvuka dakika 2.

Vifaa ni vilevile: tangi la lita 200, kompresa ya kilowati 1.5, regileta (kidhibiti shinikizo) ikiwekwa bar 6, mota ya vibapa vinavyosukumwa na hewa, oltaneta ya kuzalisha umeme. Tangi hujazwa hadi bar 9 za geji, yaani bar 10 ukijumlisha shinikizo la angahewa. Geji ikishuka hadi 7.7 baada ya saa chache, usikimbilie kutafuta uvujaji. Hewa imeingia ya moto, sasa imepoa. Paka povu la sabuni kwenye viungo mara moja, uridhike, uendelee.

Ubishi wote ulikuwa kwenye baridi. Hewa ya nyuzi 27 ikitanuka kutoka bar 10 hadi 1 bila kupata joto popote, kinadharia inafika zaidi ya nyuzi 100 chini ya sifuri. Mota ndogo haifiki huko, ila unyevu unaganda kwenye tundu na mzunguko unakufa. Kutoa maji yaliyojikusanya chini ya tangi hakusaidii vya kutosha, kwa sababu mvuke unabaki hewani. Kupitisha hewa kwenye koili ya shaba ndani ya ndoo ya maji ya nyuzi 80 ndiyo dawa, lakini ile ya kwanza, mita 6 yenye tundu la milimita 4, ilimeza karibu bar 2. Bila geji mbili, kabla na baada ya koili, lawama ingeangukia mota bure. Mita 3 zenye tundu la milimita 8 zimemaliza kazi, na lita 20 za maji hupoa kama nyuzi 1 tu.

Sasa uchungu. Kujaza tangi kunakula kama Wh (wati-saa) 300. Oltaneta imerudisha wati 120 kwa dakika 7, yaani Wh 14. Hata asilimia 5 haifiki, na joto la ndoo halimo kwenye hesabu! Hata mashine zingekuwa kamilifu, tangi hili lina Wh 78, karibu sawa na betri ya pikipiki ya 12 V, 7 Ah.

Huntorf, Ujerumani, mtambo mkubwa wa kuhifadhi umeme kwa hewa iliyobanwa, wanapambana na baridi hiihii tangu 1978: megawati 290 mwanzoni, na wanachoma gesi ili hewa iingie kwenye tabo (turbini) ikiwa moto. McIntosh, Alabama (1991), mtambo wa aina hiyohiyo, walirudisha joto la moshi kuipasha hewa, ufanisi ukafika kama asilimia 54, dhidi ya kama 42 ya Huntorf. Wao wanalipwa na pango la chumvi wanamohifadhi hewa: ukishayeyusha chumvi, nafasi ya saa kumi za ziada inagharimu kidogo. Tangi la chuma halina huruma hiyo. Kila lita ya ziada ni chuma kingine. (Mabomba ya PVC badala ya tangi la chuma ni rahisi, ndiyo, na yakipasuka yanarusha vipande kama kisu. Hapana.)

Kwa hiyo tangi la pili nililopanga limefutwa. Mota na oltaneta zinafunguliwa. Jaribio la 8: sola ya mchana ijaze tangi, kisha hewa iende moja kwa moja kwenye bunduki ya rangi na spana ya hewa, bila kugeuzwa umeme tena. Bado nachagua bomba la kupeleka hewa kwenye zana hizo. La milimita 6 nimeshalikataa.