Nimeiua csrss makusudi nione inakuwaje

Dogo kanipigia juzi saa nne usiku, "kaka, laptop imekufa." Imekufaje? Eti ilikuwa nzito, akafungua Task Manager akaanza kuua kila jina asilolielewa, ghafla ule mstari wa chini wenye Start ukapotea, icon zote hamna, imebaki Chrome tu inaelea katikati. Na Chrome yenyewe inafanya kazi vizuri! Nikajua tu kaua explorer, ile programu inayochora huo mstari na icon. Nikamwambia bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda File, Run new task, andika explorer.exe, enter. Kimya kidogo... "eeh imerudi!" Kwa hiyo sasa hivi mimi ni fundi mkubwa kwao.

Ila simu ilipokatika nikaanza kuwaza, hivi angegusa csrss, moja ya prosesi (programu zinazoendeshwa) za ndani kabisa za Windows, ingekuwaje? Nina kimeo cha zamani chenye Windows 7, hakina kitu cha maana ndani, nikakiwasha. Kwanza ilibidi nibonyeze waonekane prosesi za watumiaji wote, nikakuta csrss ziko mbili, moja ya huduma za mfumo na moja yangu niliyeingia. Nikachagua moja, nikaua. Windows ikaniuliza kabisa una uhakika, mashine itazima na ambacho hujasevu kitapotea, nikatiki nimekubali. Sekunde haikuisha, skrini ya bluu, 0x000000F4. Kwenye Windows za baadaye utakutana na CRITICAL_PROCESS_DIED, msiba uleule.

Sasa kilichonishangaza ni kwamba csrss siku hizi haina hata kazi nyingi kiviiile. Zamani ndiyo ilikuwa inachora madirisha, lakini tangu NT 4.0 mwaka 1996 kazi hiyo ilihamia ndani kwenye keneli, kile kiini cha mfumo. Kwa hiyo mashine haianguki kwa sababu imeishiwa nguvu, la. Prosesi kama hizi zimepigwa alama kwamba ni za lazima, keneli ikiona yenye alama imekufa inaisimamisha mashine yenyewe, kwa makusudi. Mimi miaka yote nilidhani ile bluu ni ajali, kumbe mara nyingine ni uamuzi. Na naona wako sahihi, bora ife wazi kuliko iendelee nusu nusu huku inakuharibia mafaili.

Wa zamani mnaikumbuka Sasser 2004? Yule mdudu alikuwa anaiangusha lsass, prosesi ya lazima inayosimamia usalama na kuingia kwenye Windows, XP inakuletea kiboksi cha kuhesabu sekunde 60 kisha inajiristati, mtu kalipia nusu saa yake saiba anahesabiwa huku anaandika barua pepe. Ukiwahi kuandika shutdown -a hesabu inasimama. Waliojua hilo waliheshimika sana aisee.

Linux nayo ina vituko vyake. Nimeandika sudo kill -9 1 kwenye Ubuntu, yaani iue kwa nguvu prosesi namba moja, ile inayoanza kwanza, nimekunja uso nasubiri kishindo... hamna. Hakuna hata ujumbe. Prosesi namba moja keneli inailinda, ishara ambayo yenyewe haijajiandaa kuipokea haifikishwi kabisa, na hiyo -9 hakuna prosesi inayoweza kujiandaa nayo. Ila ikifa kwa njia nyingine yoyote ni kernel panic papo hapo, yaani keneli inasimamisha mashine nzima. Nikajiona mjanja, nikaua gnome-shell, inayochora desktop ya Ubuntu, nikidhani ni kama explorer, itarudi. Wee! Nilikuwa kwenye Wayland, mfumo mpya wa Linux wa kuonyesha madirisha, huko gnome-shell ndiyo inayobeba skrini nzima, kila kitu kikafungwa nikarudishwa kwenye kuandika paswedi, na hii posti nilikuwa nimeshaandika karibu nusu, sijasevu.

Mac sijaigusa, ni ya kazini. Ile najua ukiua Finder, ile ya mafaili na desktop, inajirudisha yenyewe, ukiua WindowServer inayochora skrini unatupwa nje kwenye login.

Dogo bado analalamika laptop nzito. Jana nimeiona, Chrome ina tabu 60 na kitu.