Vijana wangu walikuwa hawafungui mdomo kwa Kiingereza: kilichosaidia

Kama una wanafunzi wanaopata sarufi vizuri lakini ukiwasemesha Kiingereza wanatazama viatu, jaribu hii. Wangu ni wa tuisheni, Temeke, Dar es Salaam, kidato cha kwanza: msingi walisoma kwa Kiswahili, sasa karibu masomo yote ni Kiingereza. Kukariri mazungumzo, wapi. Filamu, wapi. Faini kwa anayeongea Kiswahili ndiyo iliwanyamazisha kabisa.

Kilichofanya kazi ni pantoni ya Kigamboni, kile kivuko cha kuvukia bahari. Tunapandia kituo cha Feri, upande wa mjini, nawapanga wawili wawili, mgongo kwa mgongo: mmoja anatazama baharini, mwenzake mjini. Kila mmoja anamuuliza mwenzake anaona nini.

Siri iko kwenye hiyo migongo. Wakitazama upande mmoja wanaoneshana kwa kidole tu, na nani aulize kitu anachokiona mwenyewe? Wakigeuziana migongo, swali linakuwa la kweli. “The boat is carry what?” binti mmoja aliuliza, na mwenzake akajibu palepale, maana alitaka kusimulia.

Mimi nanyamaza (kazi kweli!), naandika makosa kwenye daftari. Ng'ambo tunapitia mawili matatu kivulini, kisha tunarudi na pantoni inayofuata, wamebadilishana pande.